Greenwich, Mtaa wa Wafalme na Mabaharia

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hulijua jina la Greenwich kabla hajajua lolote jingine kuhusu London. Hukutana nalo katika somo la jiografia, anapoonyeshwa mstari wa longitudo 0 na kuelezwa kwamba saa za kwetu zimetangulia za huko kwa saa tatu. Kumbe Greenwich ni mtaa, tena mtaa mzuri, ulio kwenye ukingo wa kusini wa Mto Thames, na wafalme waliishi pale miaka mingi kabla mstari huo haujachorwa.

Mfalme Henry wa Nane alizaliwa hapo, katika kasri la kifalme, mwaka 1491. Binti zake wawili waliokuja kutawala Uingereza, Mary na Elizabeth, nao walizaliwa katika kasri hilohilo. Mfalme huyo alipapenda kwa sababu ya mto: meli za kivita ziliundwa karibu naye, katika karakana alizozianzisha Deptford na Woolwich. Leo kasri lenyewe halipo. Lilichakaa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Mfalme Charles wa Pili akaamuru libomolewe.

Majumba meupe yanayomlaki mgeni anayefika kwa boti, mengi yake hayakujengewa wafalme. Yalikuwa makao ya mabaharia wazee na walemavu wa jeshi la majini, yaliyoanzishwa mwaka 1694 kutokana na nia ya Malkia Mary wa Pili, na kuchorwa na msanifu Christopher Wren. Malkia hakutaka Nyumba ya Malkia, iliyosimama nyuma ya majengo hayo, izibwe isiuone mto. Ndiyo maana majengo yamegawanyika pande mbili, katikati pakaachwa wazi. Bwalo la mabaharia hao lilipakwa picha ukutani na darini na James Thornhill kwa miaka 19. Likatoka la fahari mno, wazee wakahamishiwa kula kwingine! Januari 1806 mwili wa Admeri Nelson uliwekwa humo ili watu wapite kumuaga.

Juu ya kilima ndiko kwenye kiini cha habari yote. Charles wa Pili alianzisha pale kituo cha kuchunguza nyota mwaka 1675, kwa sababu ya shida moja tu: nahodha aliyekuwa katikati ya bahari hakuwa na njia ya uhakika ya kujua amefika wapi mashariki au magharibi. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza zilizama kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Bunge likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayeitatua shida hiyo. Aliyelipatia ufumbuzi tatizo hilo ni John Harrison, fundi seremala, aliyetengeneza saa zilizoweza kustahimili mawimbi na joto, hata nahodha akajua saa ya nyumbani na kuilinganisha na ya alipo. Saa zake zimo kituoni hadi leo, na ukitaka jambo moja la kukupandisha kilima, basi ni hizo.

Mwaka 1884 mataifa 25 yalikutana Washington, na 22 kati yao yakaukubali mstari unaopita kwenye kituo hicho kuwa longitudo 0, kwa kuwa meli nyingi tayari zilitumia ramani za Waingereza. Kutoka Afrika ilikuwepo Liberia peke yake.

Chini, karibu na gati, imesimama Cutty Sark, meli ya matanga iliyoundwa Scotland mwaka 1869 ili kubeba chai kutoka China. Mwaka huohuo Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na meli za mvuke zikaipokonya biashara hiyo. Wakimbiaji wa marathoni ya London huizunguka. Eliud Kipchoge amepita hapo akielekea kushinda mara nne.

Mgeni asiondoke bila kufika kona ya kusini-magharibi ya bustani ya Greenwich, ulipobaki ukuta wa Montagu House. Ndani ya nyumba hiyo alitumika Ignatius Sancho, Mwafrika aliyeletwa Greenwich akiwa mtoto mtumwa. Alijifunza kusoma, akawa mwandishi na mtunzi wa muziki, akafungua duka Westminster, na mwaka 1774 akapiga kura katika uchaguzi wa Bunge la Uingereza, akiwa mmoja wa Waafrika wa mwanzo wanaojulikana kufanya hivyo.