Urubani wa Mwavuli

Chombo kinachomshusha mtu kutoka angani tunakiita parachuti au mwavuli. La pili ndilo lililozama zaidi katika lugha. Hata wanajeshi wa kazi hiyo ni askari wa miavuli. Kwa muda mrefu chombo chenyewe kilistahili jina hilo. André-Jacques Garnerin alipojiachia kutoka kwenye puto juu ya Paris mwaka 1797, kitambaa kilichokunjuka juu yake kilikuwa na kazi moja tu, kukinza hewa. Aliyening'inia chini yake hakuwa na la kuamua. Upepo ulimpeleka ulikotaka, naye akaingoja ardhi.

Siku hizi jina ni lile lile, ila chombo si kile. Mwaka 1964 Domina Jalbert, mtengenezaji wa vishada aliyekuwa akifanya kazi Florida, aliomba hataza ya bawa la kitambaa: matabaka mawili yaliyounganishwa kwa kuta za ndani, zikafanya vyumba vilivyo wazi mbele na kufungwa nyuma. Hewa ikiingia vyumba hujaa, na kitambaa kinapata umbo la bawa la ndege. Mwavuli wa namna hii hushuka huku ukienda mbele, na mwendo huo ndio unaoubeba. Warukaji wengi leo wanatumia wenye vyumba saba au tisa.

Kwa hiyo anayeshuka nao anaurusha. Wapo wanaosema "kudhibiti mwavuli", lakini kudhibiti ni kuzuia kitu kisiende mrama, na kazi hii ni pana kuliko hapo. Mimi nasema urubani wa mwavuli, na nasema hivyo kwa sababu ya historia ya neno. Kabla ya kuhamia kwenye eropleni, rubani wa pwani yetu alikuwa mjuzi wa mlango wa bandari: alijua mwamba uko wapi, maji yanapwa saa ngapi, upepo unageukia wapi, na aliamua njia ya kuingia chombo kikiwa bado mbali. Mrukaji naye hana injini ya kumrudisha juu ajaribu tena. Njia yake lazima iamuliwe mapema.

Njia hiyo ina miguu mitatu. Mwanafunzi kwa kawaida hufundishwa kufika kwenye kimo cha mita 300 hivi akiwa pembeni mwa uwanja, akisukumwa na upepo. Karibu na mita 180 anakata kushoto au kulia, akipita upepo ubavuni. Karibu na mita 90 anauelekea upepo na kubaki hapo mpaka chini. Huko Diani, kusini mwa pwani ya Kenya, ambako mchezo huu upo, njia ya msimu wa kusi haiwezi kuwa ile ya kaskazi. Na penye minazi au majumba pana hatari isiyoonekana: upepo ukishavuka kizuizi huviringika nyuma yake, na bawa la kitambaa likiingia humo laweza kunywea. Hewa hiyo iliyovurugika hufika mbali, mara kumi na zaidi ya urefu wa kizuizi chenyewe.

Msiba wenyewe, mara nyingi, ni kona ya chini. Sehemu kubwa ya vifo katika mchezo huu hutokea mwavuli ukiwa umefunguka vizuri, hauna kasoro. Mrukaji huongoza bawa kwa vishikio viwili, kimoja kila mkono. Ukivuta kishikio cha kulia kwa nguvu, upande wa kulia wa bawa hupunguza mwendo, bawa hulala, mwili hurushwa nje, na mwavuli hupiga mbizi. Juu angani hakuna ubaya, litajiweka sawa. Karibu na ardhi nafasi hiyo haipo. Mtu anaona ghafla waya au ukuta mbele, au anagundua kwamba upepo uko mgongoni, mkono unavuta wenyewe. Ndiyo maana wakufunzi wanasisitiza utaratibu ambao mwoga huuona wa ajabu: kwanza bawa liwe sawa, kisha uelekee mahali palipo wazi, kisha ushushe vishikio, hata kama upepo unakusukuma. Kutua kwa kasi, bawa likiwa sawa, kunaweza kukuvunja kifundo. Kugonga ardhi katikati ya kona kunaua. Anayelazimika kukwepa avute vishikio vyote viwili hadi nusu, kisha alegeze kimoja kidogo. Bawa litageuka taratibu bila kupoteza kimo kingi.

Tendo la mwisho ndilo gumu kulipatia neno. Mita tatu au nne kutoka chini, rubani anashusha vishikio vyote viwili kwa pamoja, na kasi ya kwenda mbele inageuka kuwa nguvu ya kubeba. Nimesikia "kufunga breki". Neno hilo linapotosha, maana anayefunga breki mapema mno akishtuka huiachia, na mwavuli ulioachiwa hapo huchomoka mbele na kumbwaga. Napendekeza mtulizo, kutokana na kutulia, neno lililo jirani na kutua. Aliyeanza mtulizo juu mno asiurudishe. Ashike hapo alipofika, aumalizie karibu na ardhi, miguu na magoti pamoja, tayari kubingirika.

Mtulizo hautoshi iwapo bawa ni dogo mno. Hapa tunahitaji istilahi nyingine, mzigo wa bawa, yaani uzito wa mrukaji na vifaa vyake vyote ukigawanywa kwa eneo la kitambaa. Mtu wa kilo 80 mwenye vifaa vya kilo 12, chini ya bawa la mita za mraba 19, ana mzigo wa karibu kilo 4.8 kwa kila mita. Mpe bawa la mita 12.5 na mzigo unapita kilo 7.3: kasi inapanda kwa zaidi ya moja ya tano, kona zinakuwa kali, kimo kinaliwa haraka zaidi. Anayenunua mwavuli wa mitumba huanza kwa kutazama rangi na bei. Aulize kwanza eneo, ajipime akiwa amevaa kila kitu, agawanye, kisha ampelekee mkufunzi wake jibu kabla ya kulipa.