PCOS si ishu ya kizazi tu, moyo nao uko hatarini

Karagwe na Kyerwa, kama kwingine nchini, binti akiruka hedhi miezi miwili mitatu swali la nyumbani huwa moja: atazaa? Moyo wake hakuna anayeuwaza.

PCOS ni tatizo la homoni. Mwili unatengeneza homoni za kiume kupita kiasi, mayai hayapevuki kwa wakati, na kwenye ultrasound ovari huweza kuonekana zimejaa vifuko vidogo vidogo. Hedhi inavurugika, ndevu zinaota, chunusi haziishi, mimba inachelewa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanayo, na hadi asilimia 70 hawajijui.

Moyo unaingiaje?

Kwa wengi wenye PCOS, mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Kongosho linazidisha insulini, na insulini ikizidi inazichochea ovari kutoa homoni za kiume zaidi. Taratibu sukari inapanda, mafuta mabaya yanaongezeka kwenye damu, na presha nayo. Miaka ikienda, mishipa inaanza kuziba. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka PCOS ihesabiwe kama kihatarishi cha magonjwa ya moyo. Na wembamba wasijidanganye, nao wanaipata.

Wengi wakishapata mtoto wanaona kazi imekwisha. Haijaisha. Ujauzito wenyewe unakuja na hatari zaidi ya kisukari cha mimba na kifafa cha mimba, hivyo mwambie nesi wa kliniki mapema kwamba una PCOS.

Upime nini?

Presha kila mwaka. Mafuta kwenye damu mara tu unapogundulika. Sukari kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kipimo cha presha ni cha dakika chache tu, lakini aliyekwenda kutafuta mtoto anaweza kuondoka bila kupimwa, basi omba mwenyewe. Ukiandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango ili kurekebisha hedhi, presha ipimwe kwanza. Vile vyenye homoni mbili havifai kwa mwenye presha ya juu.

Kwa uchunguzi zaidi, Karagwe kuna Hospitali ya Nyakahanga na Kyerwa kuna Isingiro. Kesi nzito hupewa rufaa, hata hadi Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ndizi si lazima uache, nani angekubali? Punguza kipimo, ongeza maharage na mboga, soda iache. Kwa aliyezidi uzito, kupungua hata asilimia 5 tu kunasaidia.

Kifua kikibana, pumzi ikikata, au maumivu yakipanda taya na mgongo pamoja na jasho na kichefuchefu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.