Kiranja, kaka mkuu na klabu ya mdahalo

Huku kampasi kumechangamka kweli, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi umekaribia na mabango yamejaa mpaka kwenye milango ya vyoo. Nimeyasoma mengi nikiwa kwenye foleni ya wali maharage. Kilichonichekesha ni kwamba karibu kila mgombea kaandika kuwa sekondari alikuwa kaka mkuu au dada mkuu, kana kwamba hiyo ndiyo digrii ya uongozi. Mie mtu wa historia bwana, nikaona nichimbe kidogo huyu kaka mkuu katoka wapi.

Tuanze na neno kiranja. Hilo halikuzaliwa darasani, limetoka jandoni. Kiranja alikuwa yule mvulana anayetahiriwa wa kwanza katika kundi lake. Wenzake wanasubiri, yeye anatangulia kwenye kisu, na heshima yake inatokana na huko kutangulia kwenye maumivu. Shuleni neno likabaki ila mambo yakageuka: kiranja wa bwalo anatangulia kwenye sufuria. Mliosoma bweni mnanielewa.

Mfumo wenyewe ni wa Uingereza. Thomas Arnold, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, ndiye anayetajwa sana kwa kuwapa wanafunzi wakubwa mamlaka ya kuwasimamia wadogo na hata kuwaadhibu. Ulipoletwa kwenye makoloni ukakuta ndugu yake yupo tayari, yaani ule utawala wa kumtumia chifu kuwatawala watu wake. Angalia shule ya serikali ya Tabora. Ilifunguliwa 1925, na waliolengwa hasa walikuwa watoto wa machifu, wakalelewa kwa mtindo wa shule za bweni za Kiingereza. Kijana anajifunza kusimamia wenzake, halafu taarifa anapeleka juu. Akimaliza akirudi kwao kazi ni ileile. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yote ya ukiranja: anayekuteua ndiye unayemwogopa, na aliyekuteua si mwanafunzi mwenzio.

Hapohapo Tabora kuna kisa nakipenda mno. Mwaka 1937 alifika kijana kutoka Uzanaki, mtoto wa chifu Burito, Julius Nyerere. Michezo haikuwa mambo yake, yeye ni vitabu na mdahalo. Thomas Molony aliandika kitabu mwaka 2014 kuhusu miaka ya mwanzo ya Mwalimu, na kisa hiki kinajulikana: walimu walimpendekeza awe kaka mkuu, mkuu wa shule akakataa. Sababu? Eti mpole mno. Kwa hiyo ndugu wagombea, kwa kipimo cha mabango yenu Baba wa Taifa hana sifa!

Sasa fuatilieni alichofanya alipofika Makerere mwaka 1943. Yeye na wenzake, wakiwemo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, wakaanzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika kwa ajili ya ustawi wa Waafrika, kikiitwa kwa kifupi TAWA. Hakuna mwalimu aliyewateua. Baadaye wakajiunganisha na TAA, na TAA hiyohiyo ndiyo iliyozaa TANU mwaka 1954. Sisemi mdahalo wa Tabora ndio ulioleta uhuru, msinirushie mawe. Nasema tu kwamba kaka mkuu anakabidhiwa watu wakiwa wamekwisha kupangwa mistari kwenye paredi. Mwenyekiti wa klabu hana paredi. Ijumaa akiongea pumba, Ijumaa inayofuata anajikuta na viti.

Baada ya uhuru wakubwa waliliona hili. Kwenye Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule, siyo kushika jembe tu. Kwenye utekelezaji shule nyingi zilibaki na jembe, uamuzi ukabaki ofisini. (Waulizeni wazazi wenu.)

Klabu ziliendelea kuibuka zenyewe. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari za Dar es Salaam walikutana nyumbani kwa Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe, wakilalamikia mambo waliyoyaona yakiharibika kwenye mazingira yao. Hapo ndipo ilipozaliwa Roots & Shoots, ambayo imesambaa nchi nyingi duniani. Watu 12 jamani, mkondo mmoja wa shule ya kata una zaidi ya hao.

Upande mwingine wa shilingi unatisha. Mei 1999 huko Kenya, katika shule ya Nyeri High, wanafunzi waliwafungia viranja vyumbani usiku wakawachoma moto, wanne wakafa. Hakuna sababu inayohalalisha unyama ule. Lakini mtu wa historia lazima aulize ilikuwaje mwanafunzi akamwona mwenzie kuwa ndiyo serikali yenyewe. Kenya walijiuliza pia. Mwaka 2009 likaundwa baraza la wanafunzi wa sekondari la taifa, na shule zikahimizwa kuacha viranja wa kuteuliwa, wanafunzi wachague viongozi wao.

Kwetu je? Mimi nimesoma shule ndogo, hatukuzidi 160. Shule ya namna hiyo mtu mmoja ni kiranja wa afya, mpiga kengele na katibu wa klabu ya sayansi. Uchaguzi ulikuwepo, ila usaili walifanya walimu, kura zikahesabiwa ofisini, na paredi tukatangaziwa majina bila idadi. Kuna dada mmoja wa kidato cha tatu jina lake lilikatwa kwenye usaili. Hakununa. Akaanzisha mdahalo siku ya Ijumaa, na mara ya kwanza tulikuja saba.

Mada zilikuwa zilezile za fedha na elimu kipi bora, mpaka siku alipoleta hii: wasichana wasichote peke yao maji ya nyumba za walimu. Maana ilikuwa hivyo, alfajiri wasichana wanakwenda kisimani, dada mkuu anaandika wachelewaji, wavulana wamelala. Siku hiyo darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwalimu mlezi alikaa nyuma kimya. Upande wa kupinga ulikuwa na kaka mkuu, na mpaka leo nakumbuka hoja yake kuu ilikuwa "ndivyo tulivyokuta". Alizomewa! Wiki mbili baadaye ratiba mpya ya zamu ikabandikwa ubaoni, majina ya wavulana yamo, la kwangu likiwa la tatu. Maji ni mazito wadau, nilikuwa sijui.

Yule dada hakuwahi kuwa kiranja wa chochote mpaka tunamaliza. Kura yangu safari hii nitampa mgombea atakayeniambia aliwahi kuanzisha nini na walikuja wangapi. Na nyie semeni, kwenu kura zilihesabiwa wapi? Ngoja niwahi lekcha ya saa nane.