Senti Moja ya Oregon

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwangu mimi, ukweli wa msemo huo umejionyesha vyema katika historia ya kodi ya mafuta huko Marekani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari yaliongezeka nchini humo, lakini barabara nyingi zilikuwa za udongo. Katika jimbo la Oregon, penye mvua nyingi, kilio cha watu kilikuwa kulitoa jimbo lao matopeni. Tarehe 25 Februari 1919 Oregon likawa jimbo la kwanza kutoza kodi ya petroli: senti moja kwa kila galoni, kwa ajili ya barabara. Jambo lenyewe lilieleweka upesi: anayeichakaza barabara ndiye anayeilipia, na kila apitapo anaiona kazi ya senti yake. Kufikia 1929 majimbo yote 48 ya wakati ule yalikuwa na kodi hiyo.

Lakini kisima kisichokauka huvutia ndoo nyingi. Uchumi ulipoporomoka, baadhi ya majimbo yalizihamishia fedha hizo kwenye matumizi mengine. Mwaka 1934 serikali kuu ikatunga sheria ya kulipunguzia msaada wa barabara jimbo lifanyalo hivyo. Ajabu ni kwamba serikali hiyo yenyewe, mwaka 1932, ilikuwa imeongeza senti yake moja juu ya galoni ili kuziba pengo la bajeti, wala si kwa ajili ya barabara!

Sisemi kwamba kila senti ya mafuta lazima iishie kwenye lami. Huko Texas robo ya kodi hiyo huenda kwenye shule, na katiba ya jimbo imetamka hivyo tangu 1946. Hapo hakuna aliyedanganywa. Ubaya ni kumwambia mlipaji hili, kisha ukafanya lile.

Hata hivyo mlipaji naye ana deni lake. Kodi ya serikali kuu, senti 18.4 kwa galoni, iliwekwa mwaka 1993, na zaidi ya miaka 30 imepita bila kupandishwa. Gharama za ujenzi zimepanda, na magari mapya hutumia mafuta kidogo, mengine hayatumii kabisa. Tangu 2008 mfuko wa barabara umekuwa ukiokolewa na hazina kuu. Oregon, waliotangulia, walianza mwaka 2015 mpango wa hiari wa kutoza kwa maili badala ya galoni. Barabara ya leo haijengwi kwa senti ya juzi.

Wazo hilo limefika kwetu pia: Kenya ilitunga sheria ya tozo ya matengenezo ya barabara mwaka 1993. Basi, msomaji mwema, tulipe, lakini tuulize na hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari.