Maji ya Feri na mlima wa Shetani

Alfajiri pale Feri, upande wa kisiwa cha Mombasa, umati wa Likoni haujashuka kwenye kivuko, mwuza maji ameshaanza kusukuma mkokoteni wake. Madumu ya lita 20 yamepangwa safu mbili. Moja linavuja, na uzi mwembamba wa maji unafuata gurudumu. Ikiwa mfereji aliokinga siku hiyo ulileta maji ya chemchemi za Mzima, basi anasukuma mvua iliyonyesha juu ya mlima wa moto.

Mlima huo ni Chyulu, safu ya vilima vya volkano kati ya Tsavo na Amboseli, kilele chake kikikaribia mita 2,200. Hauna mto hata mmoja mgongoni. Mvua ikinyesha, majivu na mawe yenye vitundu huinywa yote. Maji husafiri gizani chini ya vilima, kisha hububujika Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, maangavu kiasi cha kumwona kiboko akitembea chini kwenye sakafu ya bwawa.

Karibu na hapo liko jiwe jeusi liitwalo Shetani. Katikati ya karne ya 19, wakati Mombasa ikitawaliwa kutoka Unguja na ukoo wa Busaidi, ardhi ilipasuka na uji wa moto ukatambaa kilomita zipatazo 8 kabla ya kuganda. Ukilikanyaga leo, hulia kama vigae, na ncha zake hukata soli ya kiatu. Wenyeji walisema ni shetani mwenyewe aliyetoka ardhini. Wanasimulia pia kwamba watu na mifugo walifunikwa wakiwa hai, na kwamba usiku fulani vilio vyao husikika; ndiyo maana vyakula viliwekwa pale kuwatuliza.

Mimi masimulizi hayo siyaiti ushirikina. Yamehifadhi jambo ambalo hakuna karani aliyekuwepo kuliandika: kwamba wapo waliouona moto ule na kuukimbia. Na tazama majina yenyewe. Shetani ni neno letu la pwani, si la Kikamba wala la Kimaasai. Mzima nalo, kwa sikio la Mswahili, ni aliye hai. Safu ileile ya vilima imebeba yote mawili, palipopita moto na panapotoka maji.

Bomba la kuyaleta Mombasa lilijengwa miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200, likishuka kwa mteremko hadi Mazeras. Mji ukaanza kunywa Chyulu. Watu wa Taita Taveta wamelalamika miaka mingi kwamba maji yanazaliwa kwao na kuwapita, na mimi naona wana haki: huwezi kumpita mwenye kisima ukiwa na ndoo iliyojaa naye ana kiu. Msitu wa vileleni mwa Chyulu nao, unaonasa ukungu, ukikatwa au kuchomwa, ni mfereji wa kisiwani unaokatwa.

Mkokoteni unasimama kwa mama wa mahamri. Anafungua pipa, mwuza maji anainua dumu lile linalovuja kwanza, lisije likaisha njiani. Mama anachota kikombe, anakitazama kwenye mwanga wa taa, kisha anakimimina kwenye sufuria ya chai.