Setilaiti ya Malindi na Tanuri la Mbinguni

Somo letu la historia leo linaanzia pwani ya Kenya, nalo litatufikisha mbali sana.

Tarehe 12 Desemba 1970 Wakenya walikuwa wakisherehekea miaka saba ya uhuru wao. Siku hiyo hiyo, kutoka jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, roketi ilirusha setilaiti ya Wamarekani. Palichaguliwa pale kwa kuwa ni karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi. Kwa heshima ya siku ile setilaiti ikaitwa Uhuru. Naam, neno letu la Kiswahili likapanda mbinguni!

Kazi yake ilikuwa kutafuta miali ya eksirei, kama ile anayotumia daktari kutazama mfupa uliovunjika. Miali itokayo mbinguni huzuiwa na hewa, haifiki chini. Ndiyo sababu chombo kilipandishwa juu. Uhuru ikaonyesha kwamba makundi ya galaksi yanatoa eksirei. Galaksi moja ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Lakini eksirei hizo zilienea hata katika nafasi iliyo kati ya galaksi, mahali ambapo kwa darubini ya kawaida huoni kitu. Kumbe pamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii.

Mwaka 1974 Waingereza nao walirusha setilaiti yao, Ariel 5, kutoka jukwaa lile lile. Kwa chombo hicho, mwaka 1976, chuma kiligunduliwa ndani ya gesi ya kundi liitwalo Perseus. Ni chuma cha jinsi ile ile waliyoyeyusha wahunzi wa Buhaya tangu zamani za kale.

Sasa sikilizeni vizuri. Mhunzi akiacha kuvukuta, tanuri hupoa. Gesi ile inapotoa eksirei inapoteza joto. Katikati ya Perseus ilipaswa iwe imekwisha poa na kuzaa nyota nyingi mno, wala nyota nyingi kiasi hicho hazionekani. Basi, nani anavukuta?

Picha za setilaiti ROSAT, zilizotolewa mwaka 1993, zilionyesha mapengo katika gesi hiyo. Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ikayaonyesha wazi zaidi: ni mapovu makubwa ajabu. Katikati pana shimo jeusi, kitu kizito ambacho hata mwanga ukiingia hautoki. Vitu vinavyolizunguka haviingii vyote. Vingine hurushwa nje kwa mikondo miwili, mmoja huku na mmoja kule. Mikondo hiyo huisukuma gesi kando na kufanya mapovu, nayo hupanda kama mapovu ya uji chunguni, yakiikoroga gesi na kuitia joto. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza hata mawimbi ya sauti ndani yake. Jinsi joto linavyoenea bado wanabishana. Kwamba mvukuto ni shimo jeusi, wengi wamekubali.

Haya, fungueni ramani ya Afrika Mashariki. Tafuteni Malindi, kisha Bukoba, mwone ni ipi iliyo karibu zaidi na Ikweta.