Umashuhuri na Kumbukumbu katika Rufiji ya Chini

Sehemu hii inachunguza namna umashuhuri ulivyojengeka Rufiji, kuanzia mji wa Mohoro hadi delta ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti. Hoja yake ni kwamba jina hudumu kwa kutegemea aliyelihifadhi, si uzito wa tendo pekee.

Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya Vita vya Majimaji kuanza. Masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa na watafiti wa chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1968, yalimpa nafasi katika historia ya taifa.

Max Looff, nahodha wa manowari ya Königsberg iliyojificha deltani na kuangamia tarehe 11 Julai 1915, alihifadhiwa na nyaraka za kijeshi pamoja na kitabu alichokiandika mwenyewe. Wenyeji walioijua mikondo ya mikoko huonekana humo kama kundi tu, pasi na majina.

Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliiwakilisha Rufiji bungeni hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 1965. Umaarufu wa kitaifa haukumkinga dhidi ya uamuzi wa wapigakura.

Kwa hiyo, orodha ya watu mashuhuri wa Rufiji isomwe kama zao la kumbukumbu zinazoshindana. Mtafiti anayetegemea nyaraka peke yake atampata nahodha, na kuwakosa waliomzunguka.